Kitanda cha Nahodha

Meli ilikuwa imejaa, bendera inapepea, mashine zinanguruma, lakini Nahodha Okwach alikuwa akimtazama mtu mmoja tu kule chini gatini, bandari ya Mwanza: Mama Selina, mama mkwe wake, aliyekumbatia kuku na kukataa katakata kurudi melini.

Kosa lilikuwa la Okwach mwenyewe. Alijipalia makaa.

Alipokwenda Shirati kumposa Atieno, meli karibu zote za serikali zilikuwa zimelala. Kazi yake ilikuwa kukwangua kutu kwenye meli isiyokwenda popote. Mama Selina hakusema naye ana kwa ana, maana kwa Wajaluo mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, wala mama mkwe hali chakula wala halali usingizi nyumbani kwa mkwewe. Lakini sauti yake ilivuka ukuta vizuri tu. Alisema binti yake anaolewa na mlinzi wa chuma kilicholala. Atieno akaolewa hivyo hivyo. Tangu hapo Okwach alipeleka salamu Shirati kwa kila msafiri aliyempata, na hakuna aliyerudi na jibu. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa inauma.

Kisha mambo yakageuka. Serikali ikafufua meli moja, watu wakasema ni maneno ya majukwaani. Ikakarabati ya pili, wakasema tusubiri. Ikaunda ya tatu, mpya kabisa, hapo hapo Mwanza, na vijana wa Butimba na Buswelu ndio waliochomelea vyuma. Hapo watu wakaanza kuulizia tiketi. Okwach, ambaye alishapelekwa chuo na kurudi na vyeti vyake, akakabidhiwa usukani wa hiyo mpya.

Sasa Atieno, muuguzi kule Bukoba, alikuwa amejifungua. Mama Selina anakwenda kumwona mjukuu, na atafikia kwenye nyumba za hospitali, si kwa mkwe. Hilo alilihakikisha mapema. Akakata tiketi ya daraja la pili, akapanda, akapata kitanda chake, akavua viatu. Nani anaendesha, hakuuliza. Angelala salama mpaka Bukoba.

Weee, Okwach atulie? Akaona haifai mama mkwe abanane na watu ndani ya meli anayoiongoza yeye. Akamtuma Revocatus, mhudumu wa Kihaya mwenye adabu zake, amwambie kwamba nahodha ni mkwewe, na kwamba amemwachia chumba chake, na kitanda chake, na shuka zake. Revocatus mila za Wajaluo hazijui. Akayasema hayo huku anatabasamu. Mama Selina akavaa viatu, akabeba kuku na unga wake wa ulezi, akateremka ngazi. Kulala kitandani kwa mkwe? Afadhali aende Bukoba kwa miguu.

Na muda wa kuondoka umefika. Okwach ashuke kumbembeleza? Hapana, angeongeza kosa juu ya kosa. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Mjukuu anangoja, na yeye baba mtu ndiye aliyemfungia bibi njia. Akashika kipaza sauti.

"Mama yangu uliyeko gatini," ikasikika bandari nzima. "Nimekosa. Humu mimi sina nyumba. Meli hii ni ya serikali, kama nyumba ile ya hospitali unayokwenda kufikia. Ni yako kama ilivyo yangu. Mimi ni mtumishi tu, hata kijiko cha humu si changu. Kitanda chako ni kile ulichokatia tiketi, na mimi sitatoka huku juu mpaka uwe umeshuka Bukoba. Shikamoo, mama."

Halafu akina mama wote, abiria kwa wauza dagaa, wakaitikia marahaba kwa pamoja na kuangua kicheko. Okwach naye akacheka kidogo, lakini marahaba aliyoitaka haikuwa hiyo.

Mama Selina hakucheka. Aliitazama meli taratibu, kutoka majini mpaka kwenye bendera. Kisha akamwita Revocatus, akamnong'oneza, akapanda ngazi na kuku wake.

Revocatus akafika juu akihema.

"Anasema marahaba," alisema. "Na anasema, chuma kimeamka."

Okwach akageukia kioo ili machozi yake yasionekane. Akapiga honi, akaing'ang'ania, mpaka Revocatus akamgusa bega kumwambia inatosha.