Punje Themanini na Mbili

Mkutano wa kupigia kura mkataba mpya wa kazi ulifanyika siku ya Ijumaa, saa nane mchana, katika ukumbi wa kuchambulia kahawa wa kiwanda kimoja mjini Bukoba. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1973. Wanawake mia moja na kumi na tatu walikaa palepale wanapokaa siku zote, kila mmoja mbele ya meza yake, mikono mapajani kwa kuwa mezani hapakuwa na kahawa. Walichelewa kuanza nusu saa nzima, maana katibu alikuwa anatafuta kitambaa cha kufunikia debe.

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Ndugu Clavery, alisimama mbele na kurasa nne zilizopigwa chapa, akazisoma zote. Alisoma vizuri. Alikuwa amekaa seminari miaka mitatu kabla ya kurudishwa nyumbani, na sauti alirudi nayo. Kifungu cha kwanza hadi cha tano vilihusu aproni, maji ya kunywa na saa za kuingia kazini. Kifungu cha sita kilisema kwamba wachambuaji, ambao hadi siku hiyo walikuwa waajiriwa wa kudumu, sasa watakuwa wa msimu: wataitwa kahawa inapokuja na kuagwa inapokwisha, na anayeagwa atarudisha ufunguo wa chumba cha kota. Kifungu cha saba kilirudi kwenye aproni.

Kokushubila alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye meza ya pili kutoka dirishani, na miaka tisa katika chumba namba kumi na nne cha kota, upande wa Miembeni. Mumewe alimwacha kwa kukosa mtoto. Kwao ni Muleba, ambako baba yake alipofariki kibanja chote, shamba la migomba, kilikwenda kwa kaka yake, Protase, kama desturi inavyotaka. Binti aliyerudi nyumbani anakula ndizi za kibanja, lakini hapandi mgomba wala hakati mkungu bila kuuliza. Kokushubila aliwahi kuishi hivyo miezi minane akiuliza, na hakutaka kuuliza tena. Chumba cha kota kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na mlango wa kufunga kwa ndani. Hicho ndicho alichokuja kukipigia kura.

"Mwaka jana tulinyoosha mikono," alisema Clavery, "watu wakanuniana miezi mitatu. Safari hii kura ni ya siri. Kila mtu atapewa punje mbili za kahawa, nzuri na nyeusi, atumbukize moja. Punje nzuri, unakubali mkataba. Punje nyeusi, unakataa. Hapa hakuna asiyejua kuzitofautisha."

Watu walicheka, kwa sababu ni kweli. Mchambuaji anaijua punje mbovu kwa ncha ya kidole kabla jicho halijaiona. Clavery naye alilijua jambo hilo vizuri. Mama yake alichambua kahawa katika ukumbi uleule miaka ishirini, na yeye mwenyewe alikulia chini ya meza.

Walipita mmoja mmoja, wakaingiza mkono chini ya kitambaa, wakarudi kukaa. Kisha Clavery akasema wahesabu kura wawe watu wepesi wa mikono ili mkutano usiingie jioni. Mkutano ukawachagua Kokushubila, Alistidia na Adventina, na hakuna aliyepinga, kwa kuwa kweli ndio waliokuwa wepesi kuliko wote.

Punje zilimwagwa juu ya meza ya kuchambulia. Meza hizo zina tundu upande wa kushoto, na chini ya tundu hukaa debe la taka. Wanawake watatu waliinama. Kazi ilikwenda dakika mbili hivi. Mkono wa kushoto wa mchambuaji hauulizi. Ukikuta punje nyeusi unaipeleka kwenye tundu, na mwenye mkono anaweza kuwa anawaza mboga ya jioni. Walipoinuka, mezani palikuwa na punje thelathini na moja, nzuri, zenye rangi moja, zimepangwa.

"Nyeusi ngapi?" aliuliza Clavery.

"Hakuna mbaya," alijibu Alistidia, kama anavyomjibu msimamizi kila jioni. "Safi."

Clavery aliandika kwamba waliokubali ni thelathini na moja, waliokataa hakuna, na wengine hawakutumia haki yao. Akasoma matokeo kwa sauti ile ya seminari. Wanawake walipiga makofi, kwa sababu matokeo yakisomwa watu hupiga makofi. Benchi zilizoazimwa kwa ajili ya mkutano zilikuwa zimeanza kurudishwa ofisini Kokushubila alipoitazama mikono yake na kuelewa.

Alimfuata katibu mlangoni. "Katibu, waitu, sisi tumechambua. Hatukuhesabu."

"Matokeo nimeshayasoma."

"Nyeusi zipo. Ziko kwenye debe, chini ya meza."

"Lile ni debe la taka, dada. La kura ni lile la kitambaa." Clavery hakusema kwa ukali. Alikuwa anakunja kitambaa chenyewe. "Na waliohesabu ni ninyi."

Kokushubila aliona aibu, aibu kubwa, ya kumfanya mtu apite uchochoroni ili asionane na wenzake. Ilimkaa mpaka Jumapili mchana, baada ya misa. Baada ya hapo hakuhisi kitu, na alishangaa kidogo jinsi ilivyo rahisi kukaa bila kuhisi kitu.

Jumatatu asubuhi mfagizi, Mwijage, alikuja kumwaga debe la taka na debe halikuinuka. Aliita wenzake wanne, nalo halikuinuka. Waliangalia ndani wakaona buni nyeusi zisizojaza hata viganja viwili. Saruji chini ya debe ilikuwa imepasuka hadi ukutani. Mwijage alikwenda kumwita karani wa mizani, kwa sababu mambo ya uzito yalikuwa yake.

Karani huyo aliitwa Zahoro, mtu wa Miembeni, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Aliamuru punje zitolewe moja moja. Kila punje ilihitaji wanaume wawili, mmoja huku na mmoja huku, wakitembea hatua fupi hadi kwenye mizani. Ya kwanza ilisoma kilo hamsini na tatu. Ya pili, arobaini na tisa. Zahoro aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekutana na wateja wake. Saa ya chakula wachambuaji walikuwa na mchezo wa kupanda mizani yake, na yeye alikumbuka uzito kama wengine wanavyokumbuka sura.

"Hii ni ya Adventina," alisema. "Hii ni ya Alistidia. Ameongezeka."

Alistidia, aliyekuwa anapita na ungo, alikubali kwa kichwa. Alikuwa mjamzito na hakuwa amemwambia mtu.

Punje ya hamsini na tano ilisoma kilo sitini kamili, na ukumbi mzima ulijua ni ya nani, maana Kokushubila walimtania kwa jina la Gunia. Gunia la kahawa ni kilo sitini, halipungui wala halizidi. Kufikia adhuhuri punje zote themanini na mbili zilikuwa zimepimwa na kutajwa wenyewe. Zile nzuri thelathini na moja zilikuwa kwenye bahasha mfukoni mwa Clavery, nazo zilikuwa na uzito wa kahawa.

Kokushubila alikwenda tena kwa katibu. Safari hii wenzake wawili walikwenda naye, wakasimama nyuma yake.

"Sasa kila mtu ameona," alisema. "Tuko themanini na wawili."

"Nimeona," alisema Clavery. "Lakini kura huhesabiwa, ndugu zangu. Hazipimwi."

Hilo lilijadiliwa saa ya chakula. Wengine walisema ana hoja. Adventina alisema hana hoja ila ana muhuri, na kwamba mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Kisha kengele ikalia. Meneja alishuka kutoka ofisini, akautazama ufa, akaagiza saruji. Mkataba ulitiwa sahihi siku ya Alhamisi. Punje zilisogezwa kwenye kona ya ukumbi, na wafagizi wakazoea kuizunguka kona ile.

Msimu ulikwisha mwezi wa kumi na moja. Wanawake walirudisha funguo, kila ufunguo na kibao chake cha namba. Wengi walikuwa na waume au watoto wa kwenda kwao. Kokushubila alifunga godoro kwa kamba, akapanda basi la Muleba, na godoro likapanda juu pamoja na kuku wa watu.

Protase alimpokea vizuri. Hakuna anayeweza kusema alimpokea vibaya. Alimpa chumba cha nyuma na kumwambia hapa ni kwa baba yako. Mke wa Protase alipika ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, akapakua kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa watoto, kisha kwa mgeni. Siku ya tatu Kokushubila aliuliza kama anaweza kupanda mihogo kwenye kipande kilichokuwa wazi nyuma ya migomba.

"Ngoja tuone ukoo utasemaje," alisema Protase.

Ukoo haukusema kitu. Kokushubila aliacha kuuliza, na kila siku akawa anakula kidogo kuliko jana, si kwa hasira wala kwa kususa. Njaa ilikuwa inakuja, inamkuta amekaa, inaondoka.

Mwezi wa kwanza, kule kiwandani, mawe ya mizani yalipelekwa Mwanza kwa meli kukaguliwa, na hayakurudi. Mengine yaliagizwa nje, lakini fedha za kigeni hazikuwapo. Maghala yalikuwa bado yamejaa kahawa na kila gunia lilitakiwa kupimwa kabla ya kupakiwa melini huko Kemondo. Zahoro ndiye aliyekumbuka kwamba kwenye kona ya ukumbi kuna punje ya kilo sitini kamili. Ilibebwa na watu wawili, ikawekwa kwenye sahani ya mizani, na kazi ikaendelea siku hiyohiyo. Seremala aliitengenezea kisanduku. Kisanduku kilipigwa namba kwa rangi nyeupe, na punje ikaingizwa kwenye orodha ya vifaa vya kudumu vya kiwanda.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, Zahoro alikuta punje ya Alistidia imepungua kilo tano, akamtumia zawadi ya kanga kabla mtu yeyote hajaleta habari za mtoto. Mwezi huohuo barua ilikuja kutoka kwa wanunuzi ikisema magunia yana upungufu. Zahoro alilijua tatizo kabla ya kuisoma. Barua nyingine iliandikwa, ikapanda basi, ikamfikia Kokushubila huko Muleba kwa mkono wa kondakta. Ilimtaka afike kiwandani bila kukosa.

Alivaa gauni la misa. Aliagana na wifi yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, akalifunga tena godoro kwa kamba, kwa sababu mtu haitwi kiwandani kwa barua yenye muhuri kama si kazini.

Clavery alimpokea getini. Alilitazama godoro lakini hakulitaja.

"Umekonda, ndugu," alisema. "Kilo tatu na nusu. Wanunuzi wanatulalamikia kwa kila gunia."

"Nimekuja kazini," alisema Kokushubila. "Meza yangu ni ya pili kutoka dirishani."

"Msimu haujaanza."

"Lakini mnanitumia kila siku."

Clavery alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kulieleza jambo lieleweke. "Tunaitumia punje," alisema. "Punje ni ya kudumu. Wewe ni wa msimu."

Wakampeleka kwenye mizani. Zahoro alimsalimia kwa macho chini, akampa kiti chake mwenyewe, akaagiza chakula kantini. Sahani mbili za ebitoke na maharage zililetwa, na jagi la maji. Upande mmoja wa mizani kilikuwa kisanduku. Upande wa pili Zahoro aliweka gunia moja la zamani, lililofungwa kabla mawe hayajakwenda Mwanza. Wanaume wa ghalani walisubiri wameegemea magunia mengine. Upande wa gunia ulikuwa umelala chini.

Kokushubila alikula. Alikula polepole, akinywa maji katikati, na hakuna aliyemharakisha. Sahani ya kwanza ilipokwisha kisanduku kilikuwa kimeanza kushuka. Alivuta ya pili. Alikuwa na njaa kumbe, njaa ya miezi mingi, na alipoitambua machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa kiganja, akaendelea. Zahoro alikuwa ameinama, jicho usawa wa mshale.

Palibaki vipande vitatu vya ndizi na maharage kiasi.

"Imetosha," alisema Zahoro kwa sauti ya chini, akaiondoa sahani mbele yake, na wanaume wakaanza kupima magunia.