Wufa Kando ya Kiti cha Emmy

Mtu alikuwa amegusa wufa yangu, lile sanduku la spika ya besi. Nilijua hata kabla sijavua viatu, kwa sababu pale kwenye kona, chini ya televisheni, palikuwa na alama ya mraba kwenye zulia na hakuna kitu juu yake. Wufa ilikuwa imehamia upande wa pili wa sebule, kando ya kiti cha mke wangu Emmy, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama stuli ya wageni. Juu yake kulikuwa na kikombe. Kikombe, juu ya wufa!

Mimi hufanya kazi Olkaria, kwenye mabomba ya mvuke, na wiki nzima hulala kambini. Nyumbani Kiamunyi huja Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili. Binti yetu Jemutai yuko shule ya bweni. Kwa hivyo katikati ya wiki nyumba hiyo huwa na mtu mmoja tu, au ndivyo nilivyokuwa nikiamini.

Niliketi kwenye kiti changu, kile kinachotazamana na televisheni, nikaweka wimbo. Besi hakuna. Mwimbaji alikuwepo, ngoma ndogo zilikuwepo, lakini gitaa la besi lilikuwa limemezwa. Nikapiga magoti nyuma ya wufa. Kuna kidude cha kuzungusha kinachoamua sauti nzito ziishie wapi kwa wufa na spika ndogo zichukue kuanzia wapi. Nilikuwa nimekiacha kwenye mia na ishirini, sasa kilikuwa themanini. Na swichi ya feizi, ambayo mimi huiweka sifuri, ilikuwa imesukumwa hadi mia na themanini.

Kidude mtu anaweza kukigeuza akipanguza vumbi. Swichi ya feizi haigeuki hivihivi. Wufa na spika zikisukuma hewa pamoja, besi inajaa. Wufa ikisukuma wakati spika zinavuta, zinakulana na besi inakufa. Huwezi kujua kwa macho. Lazima mmoja akae kitini asikilize, na mwingine ainame nyuma abonyeze. Tulipoinunua tulifanya hivyo hivyo. Emmy alikaa kwenye kiti changu, nami nikainama: "Hapa?" "Zii." "Na hapa?" "Eeh, hapo!" Ni kazi ya watu wawili. Basi nikajiuliza yule wa pili ni nani, na damu ikanichemka.

Sikuhitaji kuwaza mbali. Jirani yetu Hemed anauza na kutengeneza spika mjini. Siku moja Emmy alitoka kumtembelea Mastura, mke wa Hemed, akaniambia kwamba besi ya kwao haipigi kelele, inakukalia tu kwa kifua. Inakukalia kwa kifua! Neno hilo nilienda nalo Olkaria na nikarudi nalo. Hemed alipojitolea kuja kunipangia yangu, nilimwambia iko sawa na asijisumbue kuja, leo wala kesho.

Emmy alitoka jikoni na chupa ya chai.

"Nani alikuja hapa?" nikamuuliza.

"Kuja lini?"

"Usinizungushe. Nani ameguza wufa?"

"Ni mimi."

"Wewe na nani?"

Aliiweka chupa mezani polepole. "Mimi na mimi," akasema, akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonitoa nje. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na ikiwa hakuna aliyesema ila mimi mwenyewe, basi mimi pia ni mtu.

Hemed alikuwa uani kwake akimwagilia sukuma wiki. Nilimrushia swali juu ya ua bila hata salamu. "Ulikuja kufanya nini kwangu?"

"Kwako? Jirani, kwako sijawahi kuingia. Si ulinikataza mwenyewe?"

"Emmy hajui mambo ya feizi."

"Alikuja kuuliza hapa, Mastura akiwepo. Nikamwambia aanze na themanini, kisha ajaribu swichi. Nikamwambia hiyo kazi inataka mtu wa pili, kama anataka mimi na Mastura tuje tumsaidie." Akafunga mfereji. "Akakataa. Alisema mtu wa pili anaye, ni vile tu hakai."

Aibu ilinishika, lakini wivu haukutoka; ulihama tu. Kwa nini amuulize Hemed na mimi nina simu?

Niliporudi, Emmy alikuwa ameketi kwenye kiti chake na wimbo unaendelea. Alishusha mkono kando bila hata kuinama. Tik. Besi ikafifia. Tik. Ikarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wufa ilihamishwa: mtu mmoja aweze kusikiliza na kubonyeza.

"Kaa hapa," akasema, akaniachia kiti.

Nikakaa. Gitaa la besi lilikuja taratibu, noti moja baada ya nyingine, likanijaa kifuani. Ilikuwa nzuri. Nilichukia jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Na kwa kiti yangu?" nikasema. "Pale hakuna kitu."

"Hapa ndio hakukuwa na kitu, tangu uinunue. Si ulinikalisha kwa kiti yako nikwambie vile wewe utasikia? Huku kwangu hukuwahi uliza."

"Na hungeniambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Saturday umechoka, Sunday unapanga bag."

Nikanyoosha mkono hadi kwenye swichi. "Nairudisha vile ilikuwa."

"Rudisha," akasema. "Lakini kesho ukienda, nani atakaa pale asikie?"

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya swichi. Sikubonyeza.

"Asiyekuwepo na lake halipo, Baba Jemutai," akasema, akanimiminia chai. Hakusema kwa hasira.

Jumapili baada ya chakula nilibeba mkoba wangu. Emmy alinisindikiza hadi mlangoni, akaniambia nisafiri salama, akafunga. Sijafika hata getini nikausikia wimbo ule ule, besi ikipenya ukuta hadi nje. Hemed alikuwa uani kwake, akanipungia mkono, nami nikampungia. Yeye sikuwa na neno naye tena. Nilisimama pale nimeshika komeo la geti, nikilionea wivu sanduku la mbao nililonunua kwa mshahara wangu mwenyewe, kwa sababu lenyewe lilikuwa linabaki.