Gari Lililomheshimu Baba Mkwe

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mkamwana wake, Nsajigwa alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, Matema, akinyoosha boneti ya gari lililomuua. Alikuwa amelilaza bati lile jekundu juu ya gogo lililochimbwa katikati, akiligonga kwa nyundo ya mti ili lisipasuke, akianzia kingoni kwenda ndani, kama baba yake alivyomfundisha kuondoa bonde kwenye jembe. Mkewe Tusekile alikuwa pembeni akimenya ndizi za mchana. Kila pigo Nsajigwa alilipiga akiwa na kichwa cha Bwana Vumbi mawazoni. Kisha alipitisha kiganja juu ya bati, akaridhika kwamba limenyooka.

Bwana Vumbi alikuwa Mdachi aliyesimamia ujenzi wa barabara ya kandokando ya ziwa. Jina lake halisi lilikuwa refu na lenye kukwaruza koo, kwa hiyo watu walimpa jina la kitu walichobaki nacho kila alipopita. Gari lake lilishuka melini Mwaya katika makasha matatu, mwaka mmoja kabla ya vita ya Wadachi na Waingereza. Lilikuwa gari la mashindano, la viti viwili, halina paa wala milango. Huko kwao alishinda nalo kikombe cha fedha. Huku alikuwa akishindana na ng'ombe, mbuzi na wanawake waliobeba vyungu, na alikuwa akishinda pia.

Rut alikuwa mke wa Eliud, mwana pekee wa Nsajigwa. Siku ile alikuwa anatoka sokoni Lyulilo na chungu kichwani, akifuata njia ya miguu inayopita ubavuni mwa barabara, na mbele yake alikuwa anakuja baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamwangalii baba mkwe, hamtaji jina, hali mahali alipo, na wakikutana njiani yeye ndiye anayempisha. Misheni ilikuwa imehubiri miaka ishirini kwamba jambo hilo si la lazima. Watu walikubali kanisani, wakaendelea nalo nyumbani. Rut akajifunika uso kwa nguo yake, akatoka njiani, akasimama ukingoni mwa barabara. Nsajigwa naye akatazama pembeni, kama mtu mwenye adabu zake, na hapo ndipo alipoliona gari linashuka nyuma ya Rut. Halikuwa na sauti. Bwana Vumbi alipenda kuzima injini mteremkoni, aone litafika wapi kwa mbio zake lenyewe. Katika miaka minne ya ndoa ile Nsajigwa hakuwahi kumwambia mkamwana wake neno hata moja, na ulimi wake haukujua uanzie wapi. Alichoweza ni kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, na Rut, aliyezoea kwamba mzee akikohoa maana yake ni sogea zaidi, akasogea zaidi, mpaka katikati ya barabara. Gari lilimpitia, kisha likajipigiza kwenye lundo la mawe.

Bomani shauri lile lilikwisha kabla kiko cha Bwana Mkubwa hakijazimika. Ilionekana kwamba mwanamke aliingia barabarani kwa miguu yake mwenyewe, kwamba mume ndiye mwenye dhamana ya mke, na kwamba gari limeharibika. Eliud alichapwa viboko ishirini na vitano, akatiwa mnyororo, akapelekwa kwenye genge la kuvunja mawe ya barabara ileile. Angefunguliwa gari litakapokuwa kama lilivyotoka melini. Na kwa kuwa ufukwe mzima haukuwa na mhunzi wa kumfikia Nsajigwa, ambaye ukoo wake ulishuka kutoka milima ya Ukinga pamoja na ufundi wa chuma, gari lilikokotwa na watu ishirini hadi uani kwake. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika hilo.

Alilitengeneza. Alinyoosha fremu kwa moto, akachonga upya mbao za gurudumu la kushoto, akafua mkono wa usukani uliokuwa umepinda. Mkono huo ulimchukua siku nne, na siku tatu kati ya hizo alikuwa akifikiri tu. Ungetosha ufa mwembamba, ukazibwa kwa nta na masizi. Bwana angekata kona moja ya mbio, mkono ungekatika, na dunia ingepumua. Tusekile aliona jinsi mumewe alivyokishika kile chuma.

"Baba Eliud," alisema, "mtoto yuko kwenye mnyororo."

"Najua aliko."

"Basi fua."

Akafua, na mkono ukawa imara kuliko ule uliotoka Udachi. Chuki yake aliiweka akiba, maana alikuwa mtu asiyetupa kitu.

Kilichomtoa jasho ni rejeta. Ilikuwa imetoboka mahali pengi, na ilihitaji shaba. Nsajigwa alitafuta shaba mpaka Mwaya, akakosa. Iliyokuwapo ni ya yale mapete ya kiunoni ya Rut, mapete mazito aliyoyafua mwenyewe kwa ajili ya harusi na kumpelekea kwa mkono wa Tusekile. Kwa desturi yalitakiwa yarudi kwa baba yake Rut, mzee Sadoki, kule Lyulilo. Nsajigwa aliyapima mkononi, akamfikiria Eliud, akayatia kwenye chungu cha kuyeyushia. Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilijua saa nane mchana, alipojaza maji kwenye rejeta na kuona haivuji hata tone. Moshi ulimwingia kooni, akakohoa. Gari likarudi nyuma hatua sita bila kusukumwa na mtu, likageuza taa zake kuelekea migombani, likatulia.

Nsajigwa akasogea. Gari likarudi tena, mpaka likagota kwenye ukuta wa jiko.

Tusekile aliacha kutwanga. Alilitazama gari, kisha akamtazama mumewe.

"Ondoka hapo," alisema. "Unamwaibisha mtoto wa watu."

Nsajigwa akageuza uso, akaenda nyuma ya nyumba. Huko alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Angependa Rut amchukie kwa kile kikohozi. Kumbe bado alikuwa anamheshimu, na heshima hiyo ilimuuma kuliko tusi.

Tangu siku hiyo kazi ilifanyika kama inavyofanyika katika nyumba yoyote yenye mkamwana. Nsajigwa alijenga kiambaza cha majani ya mgomba katikati ya ua, akakaa upande wake na moto wake. Tusekile alikaa upande wa pili na gari. Mzee alisema kaza hapa, legeza pale, na mkewe alikaza na kulegeza, akimpitishia vyuma juu ya majani. Asubuhi Tusekile alipotoka na kusema, "Ugonile, mwanangu," gari lilishuka kwenye springi zake mpaka karibu na ardhi, kama binti anavyochuchumaa kuwaamkia wakubwa, ndipo likainuka. Majirani walipita, wakatazama, wakasema Rut alikuwa na malezi mazuri siku zote. Mzee Sadoki alikuja kuulizia mapete. Alipoonyeshwa yalipo, aliinama akachungulia, akasema basi yakae, akapangusa taa moja kwa upindo wa nguo yake kabla ya kuondoka.

Bwana Vumbi alipokuja, alilizungusha gari Matema yote mara tatu akicheka peke yake. Nsajigwa akatoka nyuma ya majani ili aulizie mwanawe. Gari likaacha barabara, Bwana akiwa ndani, likaingia migombani na kugeuzia watu mgongo. Bwana alishuka, akaondoa majani kwenye kofia, akaandika kasoro hiyo katika kijitabu chake. Wiki ile ilitokea mara nne. Bwana Vumbi hakuwa mjinga. Alimsimamisha Nsajigwa barabarani, akamwambia asogee, arudi, akohoe, huku akipima kwa hatua. Akagundua kwamba gari huacha njia mzee akiwa umbali wa hatua arobaini, na akikohoa, hatua mia. Kisha akatoa amri, ikapigiwa mbiu na kijumbe wa boma: mzee Nsajigwa asionekane wala asisikike kwenye barabara ya serikali. Gari likienda mwezi mzima bila kuacha njia, Eliud atafunguliwa.

Basi mwezi mzima Nsajigwa alijificha. Aliposikia mngurumo aliingia ndani, akajifunika blanketi kichwani, akabana kikohozi kwa kiganja. Alikuwa mtu wa miaka sitini, na sasa yeye ndiye aliyekuwa mkamwana wa gari. Chini ya blanketi aliendelea kumuua Bwana Vumbi kwa utaratibu, leo kwa patasi, kesho kwa koleo, kisha akatoka kula. Siku ya thelathini ilifika, na gari lilikuwa halijaacha njia hata mara moja. Tusekile alipika wali na samaki wa kumpokea mwanawe, akaenda kumngoja penye genge.

Alirudi peke yake.

"Bwana anasema Eliud ameyazoea mawe," alisema. "Anasema mtu aliyezoea kazi hatolewi kazini. Atamfungua barabara ikimalizika."

"Itamalizika lini?"

"Nilimwuliza. Alicheka."

"Na gari?"

"Anasema halina kasoro."

Nsajigwa alikula wali ule wote, na samaki. Alinawa mikono, akachukua fimbo yake.

"Unakwenda wapi?" Tusekile aliuliza.

"Barabarani."

Tusekile alitaka kumzuia, na alitaka zaidi aende.

"Vaa shati safi," alisema.

Karibu na Lyulilo milima ya Ukinga inateremka moja kwa moja ziwani, na barabara hapo ilikuwa ukanda mwembamba uliochongwa kwenye mwamba. Upande mmoja ni jiwe, upande mwingine ni maji yenye kina cha watu watatu. Nsajigwa alisimama upande wa jiwe, alasiri, saa ambayo Bwana Vumbi hurudi kutoka kulikagua genge. Alingoja mpaka akauona uso wake vizuri, maana alitaka naye aonwe. Bwana alimwona. Alimpungia mkono kwa hasira, kwamba aondoke. Nsajigwa akageukia mwamba kwa adabu, akakohoa.

Gari lilifanya kama lilivyolelewa. Liliacha njia bila pupa, likageuza uso, likaingia ziwani. Bwana Vumbi alikuwa amevaa koti la ngozi na buti za magotini, na vitu hivyo havisaidii kuogelea. Wakisi waliokuwa wanavua karibu walisimamisha mitumbwi yao mpaka maji yalipotulia, kisha wakaendelea kuvua. Walimpata siku ya tatu, wakampeleka misheni, akazikwa kwa nyimbo. Nsajigwa alilala usingizi mzuri usiku ule na siku zilizofuata. Hakujuta, na yeyote aliyemwuliza alimwambia hivyo.

Boma liliandika kwamba barabara ilikuwa na utelezi. Ulikuwa mwezi wa kumi, na vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu.

Bwana mpya alishuka na meli ya mwezi uliofuata, kijana mwenye miwani na heshima nyingi kwa mali ya serikali. Aliambiwa kwamba ziwani kuna gari zuri, akaamuru litolewe. Genge zima lilifungwa kwenye kamba, Eliud akiwa wa tatu kutoka mbele na mnyororo wake shingoni, wakalivuta mpaka likatoka likitiririka maji, wakalikokota hadi uani kwa Nsajigwa. Kabla hawajarudishwa kwenye mawe, Eliud aliweka kiganja juu ya rejeta. Gari lilishuka kidogo kwenye springi zake. Alikaa hivyo mpaka askari alipomvuta, kisha akamshukuru mama yake, "Ndaga, juuba," akaenda.

Bwana mpya alieleza, kwa kinywa cha karani wake Hezroni, kwamba mfungwa atafunguliwa gari litakapokuwa kama lilivyotoka melini. Hezroni alikuwa mtu wa Matema, aliyekuwa akiimba kwaya moja na Rut. Alifungua daftari akaanza kuorodhesha: taa mbili, viti, gurudumu la mbele, nyaya zote.

"Kingine kilichoharibika?" aliuliza.

"Rut," alisema Tusekile.

Hezroni aliinua kalamu, akaishusha.

"Mama, hapa naandika vitu vya gari tu."

"Ndimo alimo."

"Najua alimo," alisema Hezroni taratibu, na akapiga mstari chini ya orodha, akafunga daftari.

Nsajigwa alikuwa ameshakaa upande wake wa kiambaza, majani mapya, moto mpya. Barabarani genge lilikuwa limeanza tena kugonga mawe, na alikuwa anasikiliza kama ataitambua nyundo ya mwanawe katikati ya nyundo thelathini.

"Mama Eliud," aliita, "mwulize bwana anapenda mwendo gani."

Hezroni akafasiri bila kumwangalia mtu. Bwana mpya alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akasema yeye anapenda mbio.

"Haya," alisema Nsajigwa, akaanza kuvukuta moto.