Kiatu cha Kushoto

Sahani ya klachi ilikuwa nzima. Fundi aliilaza juu ya meza ya kazi, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akaifuta tena upande wa pili. Gia boksi lilikuwa limeshushwa sakafuni, boliti zake zimejaa kopo, na jasho lote lile lilikuwa limemletea jibu ambalo mwenzake yeyote angelipokea kwa shangwe: gari halina ugonjwa. Yeye lilimtia ubaridi moyoni. Gari lisilo na ugonjwa halikatai gia.

Lilikuwa gari la mashindano, na dereva wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye wapenzi wa mbio walimwita Kimondo. Kaka alilitengeneza, dada akalikimbiza. Mama yao alizoea kulalamika kwamba alizaa watoto wawili, akabaki na gari moja.

Malalamiko yalianza mvua za mwaka uliopita. Kimondo alirudi kutoka mazoezini akasema gia ya tatu inaingia kwa kusaga meno, na pedali ya klachi imekuwa nzito. Fundi alimtania kwamba uzee umeanza kubisha hodi, na umeingilia miguuni. Walicheka wote wawili. Kisha akafanya kazi yake: akatoa hewa kwenye mafuta ya klachi, akayabadilisha, na mwisho akaizungusha kidogo fimbo iliyo nyuma ya pedali, ili klachi iachie mapema, kabla mguu haujafika chini. Kimondo aliliendesha, akarudi uso umemng'aa. Alisema mkono wa kaka yake una dawa.

Haukupita muda, gia zikaanza tena. Fundi akabadilisha pampu ya chini ya klachi, akaizungusha fimbo kidogo. Zikanyamaza, zikaanza tena. Akatia springi laini, akaizungusha fimbo kidogo. Wala hakuona tabu. Kwa kweli alijisifu moyoni, maana ni nani mwingine aliyeujua mguu wa dereva wake kiasi hicho? Hata pale klachi ilipokuwa ikishika juu kabisa, kiasi kwamba mtu mwingine asingeweza kulitoa gari lile getini bila kulizima, yeye aliona fahari. Nguo ya kupimiwa haimkai jirani.

Sasa gia zilikuwa zimeanza tena, na fimbo ilikuwa imefika kikomo. Ukiizungusha zaidi klachi itateleza na kuungua. Ndiyo maana alilishusha gia boksi, amtafute mwizi ndani ya nyumba.

"Tafuta palipolika," ndivyo alivyozoea kuwaambia wanaojifunza kazi. Chuma hakijui kusema uongo. Kinachosumbua huacha alama. Alizunguka gari akitafuta palipolika, na ndani ya mlango wa dereva akaviona viatu vya Kimondo vya kuendeshea, ambavyo siku zote aliviacha mle garini. Aliviinua ili visiingie mafuta. Cha kulia kilikuwa na uchakavu wa kawaida. Cha kushoto kilikuwa kimelika ncha, mpira umesagika mpaka kitambaa kinaonekana.

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kiatu mkononi. Kiatu cha klachi hulika chini ya soli. Ncha hulika kwa kuburuzwa.

Hapo yakamjia mambo aliyokuwa ameyaona yote kwa macho yake. Ndala ya kushoto ya dada yake ilivyokuwa ikimvuka kwenye ngazi za kwa mama, naye akamwambia anunue ndala za saizi yake. Alivyoanza kushika ukuta akipanda. Alivyokuwa akiunyanyua mguu ule kwa mikono miwili akiingia garini, na wao wakacheka kwamba anajifanya malkia. Hakuna hata kimoja alichofichwa.

Alilifunga gari upya, akaliendesha mwenyewe barabara ya nyuma. Gia ziliingia na kutoka kama droo za kabati jipya. Aliporudi alimwita dada yake, akamwomba akae kwenye kiti bila kuwasha injini, naye akalala chali chini ya usukani, kichwa karibu na pedali. Ndipo alipogundua kwamba katika matengenezo yote yale hajawahi kulala pale Kimondo akiwa amekaa. Pedali aliipima kwa mguu wake mwenyewe, au kwa mkono. Alitia kiganja kati ya pedali na sakafu.

"Kanyaga mpaka mwisho."

"Nimekanyaga."

Kiganja kilisubiri kubanwa, hakikubanwa.

"Kanyaga zaidi, mdogo wangu."

"Nimeshakanyaga, kaka. Imefika chini."

Aliliona goti lake likitetemeka. Aliendelea kulala pale kwa sababu hakujua atainuka na uso gani. Kutoka kule chini akamuuliza mguu ulianza lini. Sauti ikaja kutoka juu, ndogo, isiyokuwa ya Kimondo wa mbio.

"Niliogopa ni mguu. Lakini kila ukilitengeneza gari, mimi napona. Nikasema basi, ni gari."

Hospitalini, daktari aliinua picha kwenye mwanga, akawaonyesha mahali mgongoni ambapo mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa. Aliuliza hali hiyo imeanza lini. Kimondo akasema labda miezi miwili. Fundi akasema hapana, ni tangu mvua za mwaka uliopita, na akaueleza ugonjwa ule hatua kwa hatua, mguu ulipopungua nguvu na ulipopungua tena, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na matengenezo yake. Daktari alisema watafanya upasuaji ili usizidi. Nguvu iliyokwisha kupotea hakuweza kuiahidi. Kama wangekuja mapema, alianza, halafu akaiacha sentensi hapo.

Fundi alijuta, na majuto yake hayakuwa na pa kutua. Asingeweza kusema alizembea, maana hakuna gari aliloliangalia kwa upendo kama lile. Laiti angekuwa fundi mbovu. Gia zingegoma siku ile ile ya kwanza, dada yake angeshuka kwa hasira, na mtu mwingine angeutazama mguu.

Walirudi na gari lile lile, fundi kwenye usukani, Kimondo pembeni yake.

"Fimbo umeirudisha?" Kimondo aliuliza.

"Bado."

"Irudishe. Atakayelichukua ana mguu wake."

Fundi alisema atairudisha kesho. Kila alipobadilisha gia aliuona kwa pembe ya jicho mguu wa kushoto wa dada yake ukijikaza juu ya zulia, ukikanyaga pedali isiyokuwepo, kama mguu wa dereva yeyote unavyofanya akiendeshwa na mwingine. Ulikuwa unachelewa. Gia ilikuwa imeshaingia, mguu bado uko njiani.

Walipokaribia mzunguko wa barabara fundi akakanyaga klachi, akashika gia, asiitie. Gari likajiendea polepole. Nyuma yao mtu akapiga honi, akapiga tena. Fundi alishikilia pedali chini, akausubiri mguu wa dada yake ufike.