Chupa ya Embe Dirishani kwa Kalondu

Kalondu alipoona utando wa kwanza alidhani ni vumbi la barabara. Hapo mjini Kabati ukifuta dirisha asubuhi, ikifika saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake. Basi akapuliza, fyuu, akaendelea kumlisha mtoto wake mdogo Wayua uji. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na kila mama aliye na maua ndani ya nyumba alisikie: angalia chini ya jani kabla hujasema ni vumbi.

Maua yenyewe hayakuwa yake. Yalikuwa ya Nzisa, binti yake mkubwa, aliyeyapanda moja moja kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Kumi na mawili, yote ya majani manene, yale yanayojiwekea maji kama matangi madogo na kukaa wiki nzima bila kuomba kitu. Siku ya kurudi bweni Nzisa alimshika mama yake mkono. "Mama, usiyape maji mengi. Na usimwachie mtu mwingine." Kalondu akasema sawa. Alikuwa na wiki nane za kuonyesha kwamba sawa ya mama ni sawa kweli.

Wiki ya pili majani yakaingia madoadoa, yakapauka, na kati ya jani na jani kukawa na nyuzi nyembamba kuliko nywele za mtoto. Kalondu akachukua jani moja mpaka agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo. Msichana wa kaunta alilitazama mara moja tu. "Ni buibui hao, mama. Wale wadogo wadogo."

Akarudi nyumbani, akashika ufagio, akaua kila buibui aliyekuwa juu ya ukuta, hata yule wa miguu mirefu wa nyuma ya kabati ambaye walikuwa wameishi naye kwa heshima tangu wahamie. Jirani yake Mishi, ambaye watu wao walitoka Pwani zamani, alimkuta amesimama juu ya kiti.

"Mama Nzisa, unapigana na nani?"

"Na buibui! Wanamaliza maua ya mtoto wangu."

Mishi akajitazama, buibui lake jeusi kutoka bega hadi kifundo cha mguu. "Haya, basi mimi nirudi kwangu kabla sijafagiwa."

Walicheka mpaka Kalondu akashuka kwa kiti. Kisha Mishi akachana karatasi nyeupe ya daftari, akaiweka chini ya jani, akaligonga kwa kidole. Vikaanguka vijidoa kama pilipili iliyosagwa. Pilipili ikaanza kutembea.

"Huu ni utitiri," Mishi akasema. "Ndugu yake ule wa kuku. Wale uliowafagia hawana makosa, maskini."

Habari ilimfikia Mwau, shemeji yake Kalondu, mdogo wa mume wake, anayefuga mbuzi kule Tulia. Kesho yake alikuja na chupa ya juisi ya embe, karatasi ya picha ya embe bado imeshika vizuri. Ndani alikuwa ametia dawa ya kupe, ile ya kuogesha mbuzi.

"Nyunyiza mara moja tu, shemeji. Kupe mwenyewe anaanguka, sembuse hivi vidude?"

"Kwa dirisha hili? Wayua hajafika miaka miwili. Juzi amekula chaki. Jana amekula kiatu."

"Basi tupa maua."

"Sitanyunyiza na sitatupa."

"Aiya! Wewe na wasiwasi wako. Sisi tumelelewa na dawa hii ndani ya nyumba. Tulikufa?"

"Mwau, rudi na chupa yako."

Mwau alirudi. Chupa haikurudi. Aliisukuma nyuma ya makopo akiamini mwanamke akipoa ataitumia, na Kalondu hakumwona.

Kazi ikaanza. Yale yaliyougua aliyatenga kwa meza ya jikoni, mbali na mazima yaliyobaki dirishani. Alipangusa kila jani juu na chini kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni ya kipande, kidogo tu, kisha akayasuuza kwa maji safi, akainamisha kopo ili maji yasilale katikati ya majani. Siku ya kwanza alikoroga sabuni nyingi kwa hasira, akaacha ua moja juani bila kusuuza. Likaungua, likawa kama viazi vilivyosahauliwa jikoni. Alilia kidogo, akalitoa, akabaki na kumi na moja. Kila siku ya nne anarudia, kwa sababu mayai hayasikii sabuni. Unaua mama leo, watoto wanatoka kesho. Majirani waliosimama kwa foleni ya mitungi walimsema waziwazi. "Sisi tunatafuta maji ya kunywa, yeye anaogesha maua!"

"Ni yale niliyosuuzia nyanya," akawajibu. "Na hata yangekuwa ya kunywa, ni kiu yangu."

Alhamisi moja alikuwa anaanika nguo. Nyumba ikanyamaza, na kila mama anajua kunyamaza kwa namna hiyo. Akaacha ndoo, akakimbia. Wayua alikuwa ameketi chini ya dirisha, chupa ya embe katikati ya mapaja, kifuniko mdomoni, anakitafuna kwa meno yake manane.

"Usi," Wayua akasema. "Usi, mama!"

Juisi. Kalondu alimnyang'anya, akamnusa mdomo, akamnusa mikono, akamwosha mdomo na mikono kwa maji na sabuni, akanusa tena. Kifuniko kilikuwa bado kimekaza. Alikaa sakafuni amemkumbatia mtoto. Halafu akatafuta waya, akafunga kifuniko kile mizunguko mitano, akaificha chupa juu ya kabati na kufunga mlango wa chumba. Hakumpigia Mwau simu. Alimwalika chakula Jumapili.

Mwau alikuja kutoka kanisani na hamu yake yote. Mezani kulikuwa na muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, kuku, bilauri mbili, na katikati chupa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama wageni wanavyowekewa. Kalondu aliketi karibu nayo, mkono tayari.

"Leo ni sikukuu!" Mwau akafunua kitambaa, akaona embe, akatabasamu, akazungusha kifuniko. Hakikuzunguka. "Shemeji, mbona umeifunga na waya?"

"Kwa sababu nilijua utaifungua."

Mwau akatazama chupa. Akaigeuza. Akaiweka chini polepole na kujifuta mikono kwa suruali.

"Wewe ni mtu mzima," Kalondu akasema. "Unajua kusoma. Dawa uliitia wewe mwenyewe, na picha ya embe imekudanganya. Alhamisi Wayua alikuwa na kifuniko hicho mdomoni. Sasa niambie tena juu ya wasiwasi wangu."

Mwau hakula kuku. Alibeba chupa ile mbali na mwili wake mpaka Tulia, na dawa zake siku hizi zinakaa kwa mikebe ileile zilizonunuliwa nayo, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Nzisa alipofunga shule, Mwau ndiye aliyembebea sanduku lake la bweni. Msichana alikwenda moja kwa moja dirishani, akahesabu. "Mama, la kumi na mbili?"

"Nililiunguza mimi na sabuni yangu. Hilo nitalilipa. Haya mengine yagonge."

Nzisa akaweka karatasi nyeupe, akagonga jani baada ya jani. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichotembea. Walipogeuka, Wayua alikuwa amechuma jani nono na kulitia mdomoni.

Kalondu alilitoa, limelowa mate, maana hata jani safi si chakula cha mtoto. Akaligeuza juu na chini, halina doa. Kisha akamwekea Mwau kiganjani, na mate ya mtoto juu yake. "Hili ndilo ulitaka nilinyunyizie," akasema, akamwacha alishike.