Mitungi Arobaini ya Korogwe

"Weka kata chini! Huo ni mtungi wa moto, haunywewi."

Mwantumu alisema hivyo kila siku ya kiangazi, kwa mtoto, kwa mgeni, hata kwa mwanamume aliyerudi kutoka shamba la mkonge ulimi umekauka. Kila nyumba iliyopakana na reli ilikuwa na mtungi mmoja mlangoni, umejaa hadi shingoni, umefunikwa kwa kawa. Nyumba arobaini, mitungi arobaini. Yote aliifinyanga yeye kwa mikono yake.

Mambo yalianza mwaka ule gari moshi la Wajerumani lilipofika Korogwe. Cheche zake zilitua juu ya mapaa ya nyasi, na nyumba kumi na moja zikateketea kabla uji haujachemka. Mwantumu alimtoa mama yake kipofu, Bibi Amne, kwa kumburuta. Kesho yake Mdoe, aliyekuwa akishindilia kokoto relini, alitundika kipande cha chuma mtini akakigonga.

"Nani atakuja nikikigonga tena?" aliuliza.

Walijitokeza tisa. Hakuna aliyewaamuru, hakuna aliyewalipa.

"Tangu lini moto ukawa na watumishi?" Zuena, mjane mwenye shamba la migomba, aliwacheka. "Mdoe, umeoa mitungi?"

Mwaka wa pili wale tisa wakawa thelathini, wakauzima moto wa msikiti paa likiwa limeungua upande mmoja tu. Hapo waliocheka walipungua. Zuena hakuacha.

Kiangazi cha mwaka wa tatu, saa tano asubuhi, akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, alikuja na askari wawili.

"Shikamoo, Akida," alisema Mdoe.

"Marahaba. Tangi la stesheni limepasuka. Gari moshi limekwama, na ndani mna bwana mkubwa anayekwenda Mombo. Leteni maji ya mitungi hiyo."

"Hayo ni ya moto, Akida," alisema Mwantumu.

"Na gari moshi linakwenda kwa nini, kwa upepo?"

Askari walicheka.

"Tupe saa mbili tuteke mtoni," Mdoe aliomba.

"Bwana mkubwa hangoji saa mbili. Beba, au mgongo wako ubebe kiboko."

Wakabeba. Mwantumu alisimama akitazama kazi ya siku nyingi ikimiminwa katika tumbo la chuma, mtungi baada ya mtungi. Dereva alichungulia kila mmoja, na mmoja ulioingia mchanga akaukataa. "Tope linaua mtambo," alisema. Kisha gari likapiga kelele, likaondoka likitapika cheche, na upepo ukizirudisha mjini.

Paa la Bibi Amne lilishika moto kwanza.

Chuma kililia. Watu wa kundi wakakimbilia milangoni, wakainua mitungi, na mitungi ikainuka myepesi kama vibuyu. Mwantumu alikwisha kuingia ndani. Alitoka na mama yake mgongoni, nywele zikinuka moshi, akakuta watu wamesimama mikono mitupu, na paa la pili linawaka.

Ndipo panga lilipolia shambani kwa Zuena. Mjane yule, aliyewacheka miaka mitatu, alikuwa anaangusha migomba yake mwenyewe, mikungu ikiwa bado michanga.

"Mnatazama nini, watumishi wa moto? Mgomba una maji! Kateni!"

Wakakata. Lo, Mwantumu hakuwahi kuona kitu kama kile! Mji mzima ukageuka mikono. Vigogo vilipita kutoka bega hadi bega, vikichuruzika utomvu. Vijana wakapanda juu ya nyumba ya tatu wakavilaza, wazee wakavipasua kwa mashoka wakavitupa ndani ya miali. Moto ulikuja umesimama wima, ukafika kwenye paa lile la kijani, ukafoka, ukanusa, ukainama. Kisha ukalala.

"Mbona kimya?" aliuliza Bibi Amne.

"Moto umesalimu amri, mama," alisema Mwantumu. Shambani kwa Zuena hapakubaki hata mgomba mmoja.

Jioni akida alirudi, akatembea juu ya majivu ya zile nyumba mbili. "Mmefanya vizuri. Ijumaa gari linarudi na tangi bado halijatengenezwa. Mitungi iwe imejaa."

"Itajaa," alisema Mwantumu.

Alhamisi waliijaza kwa maji ya mtoni. Kisha Mwantumu akachukua udongo wake wa kufinyangia, akapita mlango kwa mlango, akatia bonge katika kila mtungi na kukoroga kwa mwiko.

Ijumaa dereva alichungulia wa kwanza, wa pili, wa tano. "Tope! Yote tope!"

"Nani ameharibu maji?" akida alipiga kelele.

"Mimi," alisema Mwantumu. "Na hayakuharibika, Akida. Moto hauchagui."

Akida hakumgusa yeye. Alimlaza Mdoe, mkubwa wa kundi, akamchapa viboko kumi mbele ya wote. Kisha askari wakashuka mtoni na ndoo vichwani, na bwana mkubwa akangoja saa mbili.

Gari moshi lilipoondoka likitapika cheche, watu arobaini walisimama milangoni na juu ya majivu ya zile nyumba mbili, kila mmoja na mkono juu ya mtungi uliojaa. Mdoe hakuweza kuvaa shati. Alisimama chini ya chuma chake, nyundo mkononi, akitazama mapaa.