Fundi Sikio na Pedali ya Kulia

Jumanne saa nne asubuhi, mwalimu wa piano alivua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akaanza kufanya mazoezi ya sonata, muziki wa kale wa piano, ambayo angeipiga Ijumaa mbele ya Mkuu wa chuo. Alipokanyaga pedali ya kulia, vile vitambaa vinavyonyamazisha nyuzi viliinuka, sauti ikabaki hewani, na mumewe akatokea kwenye kiti cha dirishani.

Mumewe alikuwa fundi wa piano za chuo, na wanafunzi walimwita Fundi Sikio. Alifariki miezi mitatu iliyopita, piano ilipomporomokea ngazini.

"Umekonda, mke wangu," alisema.

"Mwenzangu hujajiona," alijibu mwalimu, akainua mguu, maana mkono wa kushoto ulikuwa umehamia sauti nyingine. Kiti kikabaki kitupu.

Sonata za kale hazitaki pedali nyingi. Unakanyaga kidogo, unainua, unakanyaga tena. Ukiuacha mguu ulale, sauti zinavurugika kama uji uliomwagiwa mchuzi. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkumbusha hayo mezani, miaka kumi na tisa, mpaka anamkera. Sasa alikuja kwa vipande, neno hapa, nusu sentensi pale, na mwalimu alitumia siku tatu kuviunganisha: Kamba ya kupandishia piano ilikuwa imechakaa. Nilimwambia Mkuu. Akasema ipandishwe hivyo hivyo, wageni wanakuja kesho.

Barua ya chuo ilisema amekufa kwa uzembe wake. Mwalimu aliificha kwenye droo ya nguo asiione, na kila asubuhi akivaa anaiona. Hakutaka kingine duniani ila neno hilo lifutwe.

Ijumaa Mkuu aliketi na karani wake ubavuni. Mwalimu alianza vizuri, pedali kwa kiasi. Alipofika katikati alikanyaga, na hakuinua tena. Sauti zikarundikana, Fundi Sikio akatokea, na kwa mara ya kwanza akapata nafasi ya kusema yote: siku, kamba, ngazi, maneno ya Mkuu. Alisema taratibu, jinsi alivyozoea kueleza kasoro ya piano. Karani alisogeza mkoba wake ili marehemu apate pa kusimama.

Sonata ikaisha, mwalimu akainua mguu.

"Pole sana, mwalimu," alisema Mkuu. "Lakini pedali imezidi. Kazi ya namna hii inataka usafi."

"Si mmemsikia fundi?"

"Tumemsikia vizuri. Ndiyo maana nasema imezidi."

Karani aliandika: pedali imezidi.

Jumatatu alikuja fundi mpya. Alimpa mwalimu pole ya msiba, akapiga magoti, akapigilia kipande cha ubao chini ya pedali ili isishuke zaidi ya nusu.

Tangu hapo mumewe anakuja nusu. Anakaa dirishani, midomo inacheza, sauti haitoki. Mwalimu anaumia, lakini maneno anayajua kwa moyo, kwa hiyo humwitikia kwa kichwa panapostahili, na kuendelea kupiga. Barua bado iko kwenye droo. Wanaopita koridoni husimama kidogo, wakisema siku hizi mwalimu anapiga safi kabisa.